Kompyuta ipo Ngamiani, mi nipo Pangani

Jumamosi tulikuwa na harusi Pangani, kwenye saa tatu usiku hivi shangazi yake bibi harusi akanifuata nilipokaa na kinanda akaniambia, "Mwanangu, ule wimbo wa mama mzazi tuliokubaliana usije ukausahau." Nikamwambia shikamoo shangazi, upo. Kumbe nimeuacha kwenye kompyuta ya mezani nyumbani Ngamiani, hapa Tanga mjini, sijautoa hata kwenye flashi. Nafungua AnyDesk kwenye laptopu, ile programu ya kuongoza kompyuta ukiwa mbali, kompyuta haipatikani. Nampigia mdogo wangu ananiambia, "Kaka, umeme ulikatika mchana, umerudi kitambo ila kompyuta yako imezima."

Akaiwasha nikaingia. Hapo ndo nikakumbuka hesabu, wimbo wa taarab dakika 12 ukiutoa kwa WAV, yaani sauti isiyobanwa, unafika MB 127 hivi na mtandao pale ukumbini ulikuwa unasuasua, nikautoa mp3 ya kbps 320, yaani iliyobanwa, ukawa MB 29, ukashuka wakati mama wa bibi harusi anasimama kabisa. Moyo ulikuwa unanienda mbio jamani.

Kwa hiyo wapiga vinanda wenzangu, kabla hujasafiri ingia kwenye BIOS ya kompyuta, ile mipangilio inayofunguka kabla ya Windows, sehemu ya umeme, weka iwe inajiwasha yenyewe umeme ukirudi, na kwenye Windows zima ile ya kompyuta kulala (Sleep). AnyDesk nayo iwekee paswedi ya kudumu tena ndefu, la sivyo lazima mtu akae nyumbani akubonyezee kukubali. Mimi hayo mawili ya mwanzo sikuyafanya na yangeniaibisha mbele za watu.

Sasa kupiga shoo ni habari nyingine kabisa, usijaribu kupiga laivu kwa kupitia intaneti, unabonyeza noti sauti inakuja imechelewa, mwimbaji anapotea. Shoo za hapa mjini nabeba kompyuta yenyewe. Inakaa nyuma ya spika, laptopu inakaa mbele kwangu, katikati waya mmoja wa LAN, ule wa mtandao, hamna ruta hamna bando, moja naipa anwani ya 192.168.10.1 nyingine 192.168.10.2 halafu naiongoza kompyuta kwa VNC, programu nyingine ya kuona na kuongoza kompyuta kutoka kwenye laptopu. Waya huo unaweza kwenda hadi mita 100, ukumbi gani hapa Tanga utakushinda? Waifai siitaki ukumbini, simu za watu zikishajaa inaanza kukatakata.

Na hili ndo nalisisitiza sana, sauti itoke kwenye kompyuta moja kwa moja mpaka kwenye mixa, laptopu ibebe picha tu, hata picha ikigandaganda wimbo unaendelea. Kinanda nacho nakichomeka kwenye kompyuta kwa waya wa MIDI, unaopeleka noti unazobonyeza na si sauti, ule wa pini tano unavumilia hadi mita 15. Ndo maana situmii Remote Desktop ya Windows jukwaani, ukiiacha ilivyo inavuta sauti inaileta kwenye laptopu, spika zinabaki kimya, na Windows ya Home haikubali kuongozwa nayo hata ukitaka.

Waya wa LAN naupitisha pembeni ya jukwaa halafu naubandika chini kwa solotepu mwanzo mpaka mwisho, maana akina mama wakianza kuja kutunza wanapita hapohapo.