Sindano ya Jirani

Ijumaa ya tarehe 4 Mei 2018 tuliswali Isha, tukarudi kukaa barazani kwetu Kibokoni kama ada. Mvua ya masika ilikuwa imekatika jioni, sakafu bado ina unyevu, tukatandika magunia. Muuza kahawa alishapita mara moja na dele lake. Simu nilikuwa nayo mkononi tangu mchana, na sikutaka kumwonyesha mtu. Kumbe wote walishajua. Kitengo cha maadili cha riadha duniani kilikuwa kimethibitisha kwamba sampuli ya mkimbiaji wetu Asbel Kiprop, iliyochukuliwa Novemba 2017, imekutwa na EPO, dawa iliyopigwa marufuku michezoni.

Ami hakusema neno. Alinitazama tu, maana yeye ndiye aliyenipeleka.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 24 Machi 2007. Nilikuwa na miaka 13. Ami alikuwa kuli bandarini, akaomba ruhusa ya siku moja, tukaenda kwa miguu mpaka uwanja wa gofu kule Mama Ngina, ambako bahari iko pale pale. Mashindano ya dunia ya mbio za nyika, Mombasa! Sisi watu wa pwani mchezo wetu ni mpira. Mbio tuliwaachia wenzetu wa bara. Siku ile mji mzima ulikuwa wa mbio. Upepo ulikuwa umelala, joto limetukaba, shati limegandana na mgongo. Joto hilo hilo ndilo lililomvunja Kenenisa Bekele, bingwa wa miaka mitano mfululizo, akaacha mbio mzunguko wa mwisho, na ubingwa ukaenda kwa Zersenay Tadese wa Eritrea. Ukimuuliza mtu wa Mombasa habari za siku ile atakwambia hilo la Bekele.

Mimi nakumbuka mbio za vijana, kilomita 8. Ami alinisimamisha juu ya kreti ya soda, akanishika kiuno nisianguke. Akapita kijana mrefu, mwembamba kama mwanzi, hatua tatu tu kutoka nilipo, nikasikia nyayo zake zikipiga nyasi. Kichwa hakitikisiki. Wengine nyuma yake walikuwa wanapigana na lile joto, mabega yamepanda mpaka masikioni, na yeye anapita kama anayekwenda kuitikia wito. Ndiye Kiprop, wakati ule ana miaka 17. Alishinda, na tangu saa ile akawa wangu.

Mwaka wa pili yake, 2008, Beijing, alimaliza wa pili katika mita 1500 za Olimpiki, nyuma ya Rashid Ramzi wa Bahrain. Nililia. Halafu 2009 sampuli za Olimpiki zikapimwa upya, ya Ramzi ikakutwa na CERA, ambayo ni EPO iliyotengenezwa ikae mwilini muda mrefu zaidi. Akavuliwa dhahabu, ikaja kwa Kiprop. Nilikuwa na miaka 15, na palepale barazani, mbele ya wazee, nilisimama nikasema mwizi wa namna ile asisamehewe. Jina lake lifutwe, mtoto yeyote asilitaje. Wazee waliniacha niseme nimalize.

Yaliyofuata nilikuwa nayo kichwani kama sura nilizohifadhi chuoni. Bingwa wa dunia 2011, 2013 na 2015. Dakika 3 na sekunde 26.69 kule Monaco. Kila mgeni aliyekaa baraza letu alisimuliwa habari ya kreti ya soda.

Basi usiku ule mmoja wa wenzangu akaniuliza taratibu, bila kebehi:

"Yakhe, yule wa Bahrain ulisema afanywe nini?"

Nilijua anakoelekea. Nikasema Kiprop amekana. Na ni kweli alikana, akaendelea kukana, mpaka Aprili 2019 jopo la nidhamu lilipomfungia miaka minne. Lakini hata mimi niliisikia sauti yangu ilivyokuwa nyembamba. Ramzi sikumpa hata nafasi ya kusikilizwa. Kama hukumu yangu ya 2009 ilikuwa ya haki, basi ilimhusu na huyu. Na kama haikuwa ya haki, nilimwonea mtu niliyemchukia kwa sababu moja tu, kwamba alimpita mpenzi wangu kwenye mstari.

Kilichoniuma zaidi ni ile siku ya gofu. Sampuli ni ya 2017, ya 2007 haihusiki, hilo nalijua na nalishikilia. Ila nikifumba macho nimwone akipita, sasa najikuta namchunguza. Namtazama kifua, natazama kile kichwa kisichotikisika. Zamani nilikuwa naona tu.

Ami ndipo alipofungua mdomo. "Hiyo dawa yenyewe yafanya nini mwilini?"

Nikamweleza nilivyosoma: inauhimiza mwili utengeneze chembe nyekundu za damu kwa wingi, damu ibebe oksijeni zaidi, mtu achelewe kuchoka.

Jirani yetu wa nyumba ya pili, mtu asiyependa maneno mengi, akaweka kikombe chini. Mkewe alikuwa mgonjwa wa figo, akienda kusafishwa damu mara mbili kwa wiki.

"Naijua," akasema. "Mama watoto huchomwa hiyo."

Akaingia ndani. Aliporudi alikuwa ameshika bomba dogo la sindano, limeshajazwa dawa, halizidi kidole cha mwisho, limetoka frijini na lina ukungu wa baridi. Dawa yenyewe ukiitazama ni maji matupu. Ami akalichukua, akalielekeza kwenye taa, akanipa mimi. Lilikuwa baridi na jepesi.

"Figo zikifa, mwili hauitengenezi tena," jirani akasema. "Asipochomwa, zile ngazi za ndani zamshinda. Apanda tatu, akaa chini. Apanda tatu, akaa."

Hakuna aliyejibu. Kule juu dirisha la chumba cha mkewe lilikuwa wazi, taa inawaka.

Nilikuwa bado nimelishika lile bomba. Jirani akanyoosha mkono.

"Lete, mwanangu. Lisije likapata joto."