Siku Baba Mkubwa Aliposimama Kati ya Vyuma

Kukatwa mguu hakukumshinda baba mkubwa. Kilichotaka kumshinda ni goti. Kisukari kilianza na kidonda kwenye kidole gumba, kikapanda, madaktari wakakata chini ya goti la kulia. Aliporudishwa Kibosho, kila shangazi aliyekuja kumpa pole alimwekea mto chini ya goti apumzike vizuri. Miezi michache tu, goti likazoea kukunjwa, likagoma kunyooka. Na mguu wa bandia haufungwi kwenye goti lililopinda. Utavaaje kitu kilichonyooka juu ya kilichokunjwa?

Mwaka ule nilikuwa nyumbani nasubiri matokeo ya kidato cha sita, basi kazi ya kumhudumia ikaniangukia. Mtaalamu wa fiziotherapia, mama wa makamo asiyecheka hovyo, aliiondoa mito yote siku ya kwanza. Akamlaza mzee kifudifudi, akaagiza alale hivyo kila siku, asubuhi na jioni. Mimi akanifundisha kufunga bandeji ya kuvutika: unaizungusha kwa kupishanisha umbo la nane, unakaza mwishoni mwa kigutu, yaani kipande cha mguu kilichobaki, na kulegeza kadiri unavyopanda. Ukikosea ukakaza juu, uvimbe unabaki chini na kigutu kinakuwa na kichwa. Lengo ni kipungue, kiwe chembamba kwa chini, kiingie kwenye kikombe, ile sehemu ya juu ya mguu wa bandia inayovalishwa kigutu. Mtaani watu husifia mguu wa bandia wakiuona. Bandeji hakuna anayeisifia, na mimi naona ndiyo iliyofanya nusu ya kazi.

Goti liliponyooka vya kutosha tukapelekwa karakana ya viungo bandia pale hospitali ya KCMC, Moshi. Jirani kabisa ni TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia kilichoanzishwa mwaka 1981, kwa hiyo hukosi wanafunzi wanaokuzunguka na madaftari, wengine kutoka nchi za mbali kuliko nilivyodhani. Fundi wetu alikuwa dada kijana. Alimwamkia mzee, akamvalisha kigutu soksi nyembamba, akachora kwa penseli ya wino kila mahali mfupa ulipojitokeza, kisha akazungushia plasta mbichi. Ilipokauka akaichomoa, na ile michoro ikawa imehamia ndani yake. Humo akamimina plasta nyingine, akapata sanamu ya kigutu cha baba mkubwa.

Hapo ndipo nilipoganda kutazama. Akiwa na tupa mkononi, alikwangua sanamu chini kidogo ya kifuniko cha goti, kwenye ule mshipa mnene, yaani kano, si mshipa wa damu. Lakini kwenye kifundo cha mfupa mdogo, ubavuni, na kwenye ukingo wa muundi, hakukwangua. Aliongeza plasta. Nikamuuliza mbona anaunenepesha mguu wa mtu.

"Pale mshipani panavumilia uzito, ndiyo maana napunguza, pabanwe," alisema. "Hapa ubavuni mfupa hauna nyama. Nikipabana, baba yako atanitukana."

Tuliporudi siku ya kujaribu, kikombe kilikuwa tayari. Nilibahatika kuona cha mgonjwa mwingine kikitengenezwa: karatasi nene ya plastiki ikatolewa kwenye oveni imelainika hadi unaona upande wa pili, watu wawili wenye glavu wakaifunika juu ya sanamu mbio mbio, pampu ikanyonya hewa, plastiki ikashika kila bonde.

Baba mkubwa akavaa, akasimamishwa kati ya vyuma viwili vya kushikilia. Alisimama wima, sisi tukaanza kupiga makofi. Yule mama wa fiziotherapia akatunyamazisha. Alileta mizani mbili za kupimia uzito, akaweka moja chini ya kila mguu. Ya kushoto ilikuwa imebeba karibu mwili mzima. Ya kulia mshale ulikuwa umetikisika tu.

"Mzee, huo mguu unausalimia kwa mbali," alisema. "Uegemee."

"Nitaegemeaje kitu nisichokisikia? Nachokisikia ni kidole gumba, kinawasha."

Kidole hicho hakikuwepo tangu mwaka uliopita. Nikadhani mzee ameanza kuchanganyikiwa, lakini yule mama hakushtuka hata kidogo. Alimwambia wengi waliokatwa husikia hivyo, awe anakisugua kigutu kwa taulo na kukigongagonga polepole. Kisha akarudi kwenye mizani yake. Shika vyuma, hamishia nyonga kulia, rudi. Tena. Mzee alikuwa anatokwa jasho kama mtu anayepasua kuni. Mshale wa kulia ukapanda kidogo, ukashuka, ukapanda zaidi, hadi akathubutu kuachia mkono mmoja.

Walipomvua, fundi hakuuangalia mguu, aliiangalia ngozi. Wekundu chini ya kifuniko cha goti akautikisia kichwa: mahali pake. Wekundu wa ubavuni, juu ya ule mfupa mdogo, akausubiri kama dakika 10 uondoke. Haukuondoka. Akachukua kikombe, akapasha sehemu ile kwa mashine ya kupuliza hewa moto, akaisukuma nje kidogo, akamvalisha upya.

Mzee alikuwa na shida yake nyingine. Alitaka kujua kama ataweza kuvaa mabuti ya kuingilia kwenye migomba. Dada akamweleza kuwa unyayo umepangwa kwa kisigino cha kiatu alichokuja nacho; akivaa chenye kisigino kirefu zaidi goti litasukumwa mbele, kifupi zaidi litarudishwa nyuma. Wakabishana. Mwishowe wakakubaliana alete mabuti yapimwe.

Tuliruhusiwa kuondoka na mguu kwa masharti: auvae muda mfupi mfupi, aongeze kidogo kidogo, na kila akivua akague ngozi. Jumapili iliyofuata alihudhuria misa ya kwanza, akasimama kila waliposimama, akabaki kupokea pongezi za jumuiya nzima, na misa ya pili akaisikilizia nje akiwa bado amesimama na marafiki zake. Jumatatu tulirudi Moshi na lengelenge. Yule mama alimvua mguu, akaniomba bandeji, akamwambia mzee alale kifudifudi.