Usiku niliodhani chaneli imefunga

Saa tisa usiku nilikuwa bado macho, nakodolea skrini mstari wa mkondo wa ayoni, chembe zenye chaji, zinazopita kwenye chaneli, protini yenye tundu ninayoiiga kwa kompyuta nione inavyofunga. Ulikaa juu kwa nanosekunde mia moja na kitu, ukichezacheza kama kawaida yake, mara ukaporomoka hadi karibu nusu na kubaki hukohuko. Nusu! Miezi minne nilikuwa naisubiri hiyo nusu. Nikampelekea mwenzangu wa kazi picha ya grafu saa zilezile, bila aibu.

Protini yenyewe ni VDAC1. Inakaa kwenye utando wa nje wa mitokondria, na ndiyo njia kuu ya ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, kutoka na ADP, mabaki yake ikishatumika, kuingia. Umbo lake lilipatikana 2008: pipa la nyuzi 19, halina mfuniko wala kitako, na ndani ya tundu umejibanza mkia mfupi uliojisokota kama springi. Hiyo 19 hainichoshi. Mapipa ya jamii hii kwa bakteria yana nyuzi shufwa, kila uzi na jirani yake wamelala mzungu wa nne. Hapa namba ni witiri, kwa hiyo uzi wa kwanza na wa mwisho wanapokutana kuliziba pipa, wanajikuta wameelekea upande mmoja.

Maabara wanajua tangu 1976 kwamba volteji ikipanda, iwe chanya au hasi, mkondo wa chaneli hii hushuka. Huanza kama milivolti 30 hivi. Ila neno "kufunga" linapotosha kidogo, maana potasiamu na kloridi huendelea kupita. Anayekwama ni ATP. Kwa hiyo ukitafuta mlango unaobamizwa utatafuta sana. Sisi tunatafuta badiliko dogo la umbo au la chaji, na mpaka leo watu wanabishana ni lipi.

Tatizo ni muda. Kompyuta yangu husogeza atomu zote ndani ya sanduku la kubuni, maji na lipidi (mafuta ya utando) zikiwemo, kwa hatua ya femtosekunde 2. Mikrosekunde moja ni hatua milioni 500. Chaneli halisi inaweza kuchukua milisekunde nzima kabla haijafunga, yaani hatua bilioni 500. Nani ana subira hiyo, na nani ana mashine hiyo? Ndiyo maana tunapandisha volteji kuliko ya maabara, ili kuihimiza. Na hapo ndipo nilipoteleza.

Programu haikuulizi volteji. Inakuuliza uga wa umeme, volti ngapi kwa nanomita. Mimi nilitaka milivolti 200. Nikachukua unene wa utando, nanomita 4, nikagawanya, nikaandika 0.05. Hesabu safi kabisa.

Asubuhi mwenzangu akanijibu kwa swali: "Sanduku lako lina kimo gani?"

"Nanomita 10."

Hakuandika kitu tena. Hakukuwa na haja. Uga ule umetandazwa kwenye sanduku zima, pamoja na maji ya juu na ya chini ya utando, kwa hiyo volteji ni uga mara kimo chote. Milivolti 500.

Nikafungua faili na kuligeuza pipa nilitazame kwa juu, jambo ambalo ningelifanya kabla ya kumwamsha mtu. Lilikuwa limebonyea, mviringo umekuwa yai, kuta mbili zimekaribiana. Ule mkia wa springi ulikuwa palepale, haujajongea. Nami nilikuwa nimeshaanza kuandika aya kwamba mkia ndio mlango! Ningekumbuka jaribio la 2012: waliufunga mkia huo kwenye ukuta wa pipa kwa daraja la salfa, na chaneli ikaendelea kufunga kwa volteji kama kawaida.

Siku hizi jicho langu liko kwenye lisini ya 12, asidi amino yenye chaji iliyo kwenye mkia huohuo. Kazi iliyotoka 2022 ilionyesha kwamba chaji ya lisini hiyo ndiyo inayoifanya chaneli ihisi volteji kiasi kile. Sina haja ya mkia kusafiri. Nataka kuona chaji moja inamvuta nani.

Nimeanza upya kwa uga wa 0.02, nakala tatu, kila moja na kasi zake za kuanzia. Grafu simwonyeshi mtu. Leo asubuhi zimefika nanosekunde 640 na zote tatu ziko wazi.