Kutoka Beni hadi Kyela

Basi liliondoka stendi ya Magufuli pale Mbezi saa kumi na mbili alfajiri, na mpaka tunaikaribia Chalinze mkono wangu wa kulia ulikuwa bado unatafuta bunduki. Kila dereva alipopunguza mwendo kwa ajili ya tuta, vidole vilishuka vyenyewe pajani kutafuta mkanda, vikakuta suruali ya kiraia. Bunduki niliikabidhi wiki moja nyuma kule Beni, mashariki mwa Kongo. Namba yake ikasomwa kwa sauti mara mbili, nikatia saini, ikaenda. Kwa mwaka mzima nilikuwa nimelala nayo, nimekula nayo, nimeenda nayo mpaka chooni.

Kiti cha pembeni alikaa mama mmoja mtu mzima, kajitanda kitenge, kapakata kikapu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unafika wapi?"

"Kyela, mama."

"Basi wewe utafika usiku wa manane. Mimi nashuka Ilula. Unatoka kazini?"

"Ndiyo, mama. Nilikuwa Kongo, jeshini."

Akanitazama kidogo bila kusema. "Pole sana, mwanangu. Na huko kuna baridi?"

Tangu nishuke kwenye ndege nilikuwa nimeulizwa kama nimeua, kama nimepata dola nyingi, kama waasi wana silaha nzito. Kuhusu baridi, yeye alikuwa wa kwanza. Nikamwambia hakuna baridi, ni joto na mvua, na migomba kila mahali, kama kwetu tu. Akasema afadhali, akafumba macho.

Morogoro tulipita haraka. Mikumi niliona pundamilia na twiga mmoja, na abiria wakasimama kupiga picha kwa simu. Mimi nilikuwa nimeanza kurudi nyuma kwa mawazo, kwenye zile wiki tatu za mwisho.

Tulikuwa chini ya MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa wa kulinda amani Kongo, katika ile brigedi ambayo Baraza la Usalama liliianzisha Machi 2013 kwa azimio namba 2098. Nchi zilizoianza ni tatu, Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Tofauti na walinda amani wengine, brigedi hii ilipewa ruhusa ya kuwafuata waasi walipo na kupigana nao, isisubiri mpaka ishambuliwe. Huko Beni waasi wanaosumbua zaidi ni wa ADF, kundi lililoanzia Uganda. Wanaingia vijijini na mashambani, mara nyingi usiku, wanaua kwa mapanga, na asubuhi msitu umekaa kimya.

Mtu akisikia vita anafikiri ni risasi kutwa. Siku zetu nyingi zilikuwa za kazi ndogondogo. Kuamka saa kumi na moja, kusafisha silaha, kumeza dawa ya kuzuia malaria, kukagua gari la deraya lililopakwa rangi nyeupe, kutoka doria, kurudi na matope mekundu mpaka magotini. Mifuko ya mchanga inaoza kwa mvua, kwa hiyo kila wiki mnajaza mingine. Lindo langu mara nyingi lilikuwa saa nane usiku hadi saa kumi. Ni saa ambayo hata vyura wamechoka, na unasikia jani likidondoka.

Mwishoni kazi ziliongezeka badala ya kupungua. Wakaguzi wa Umoja wa Mataifa walikuja kuhesabu vifaa, kuanzia magari mpaka jenereta na mahema, kimoja baada ya kingine. Tukafanya mazoezi ya gwaride la medali juani. Kisha likafika kundi la utangulizi la wenzetu wanaotupokea, kombati zao bado zina rangi kali ya dukani, na ikawa kazi yetu kuwaonyesha kila lindo, kila kona ya barabara, kila mti unaoweza kuficha mtu. Nilimwonyesha kijana mmoja handaki langu nikajiona naikabidhi nyumba.

Nilikuwa na kalenda ya karatasi, nimeigonga kwenye mti wa hema, kila jioni natia msalaba. Zilipobaki siku 19, usiku mmoja niko lindoni, akili yote ikawa Kyela. Nilikuwa napanga zawadi: mama vitenge viwili, mke wangu kimoja zaidi, baba redio. Nikashtuka sajenti wetu yuko hatua tatu nyuma yangu. Sikumsikia akija. Angekuwa mtu mwingine, leo kingesafirishwa kitu kingine badala yangu.

"Samahani, afande."

Hakupiga kelele. Kulipokucha alikuja hemani, akaing'oa ile kalenda, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. "Ukihesabu siku, huoni msitu. Nitakurudishia Dar."

Yeye alikuwa na sababu. Desemba 7, 2017, kwenye kambi ya Semuliki, katika barabara ya Mbau kwenda Kamango, Watanzania 15 waliuawa katika shambulio moja lililoanza jioni na kuendelea kwa saa nyingi. Miongoni mwao alikuwepo mtu aliyepitia naye ukuruta. Halizungumzi sana jambo hilo. Lakini ukipita naye karibu na barabara ile, utaona anavyokaa.

Pembeni mwa barabara hiyohiyo ya Mbau ndipo nilipomkuta yule mama wa kakao, na yeye ndiye nimesafiri naye kichwani mpaka nyumbani.

Wanawake kama kumi wa huko walikuwa wameomba wasindikizwe wakavune. Tukasimama barabarani, wao wakaingia shambani kuanzia saa tatu, na waliambiwa saa tano lazima watoke. Mimi ni mtoto wa mkulima wa kakao. Kwetu Kyela zao hilo ndilo lililonisomesha, kwa hiyo kwa masikio tu nilijua kinachoendelea ndani: panga linagonga tunda, tunda linapasuka, mbegu zinaporomoka kwenye beseni. Walitoka na mifuko mgongoni, na ule utomvu mweupe mtamu unachuruzika kwenye vitenge vyao. Vijana wawili wakapakia mingine kwenye chukudu, lile toroli la mbao wanalosukuma kama baiskeli.

Nikamuuliza mmoja wao, "Mama, hamzivundiki?"

Kakao isiyovundikwa haina bei. Lazima uifunike kwa majani ya mgomba au uitie kwenye sanduku la mbao, siku sita hivi, ukiigeuza katikati, ipate joto, igeuke rangi, ndipo uianike. Kila mkulima anajua, na yeye alijua kuliko mimi.

"Papa, nitavundika wapi?" akasema kwa Kiswahili chao. "Kwetu tulikimbia. Nalala kwa watu, mjini. Sina hata pa kuanika. Nauza mbichi, leo hii."

Halafu akaweka mzigo chini, akaniuliza, "Siku mutarudia kwenu, sisi tutabakia na nani?"

Nikamwambia wenzetu wameshaanza kuingia. Ni jibu la kweli, na nililitoa kwa moyo. Akaitikia "aksanti, papa", akabeba mzigo wake.

Basi lilipofika Ruaha Mbuyuni yule mama wa kikapu aliamka, akanunua vitunguu kupitia dirishani, akabishana bei mpaka muuzaji akacheka. Kisha tukaanza kupanda Kitonga.

Nimeupanda mlima ule tangu utotoni na sijawahi kuutazama kama siku ile. Barabara imejibana kwenye ukuta wa mlima, upande mmoja miti na mawe juu ya kichwa, upande wa pili korongo. Mbele yetu malori manne yanapanda kwa mwendo wa mguu, nyuma yetu mengine. Nikajikuta nafanya hesabu: gari la kwanza likisimama kwenye kona ile, la nyuma halina pa kugeukia, mtu mmoja juu ya jiwe lile anatuona wote. Jasho likanitoka. Ndani ya basi watu walikuwa wamelala vinywa wazi, mtoto ananyonya, dereva na konda wanazungumza habari za Simba na Yanga. Bega la yule mama lilikuwa limeniegemea. Nililinda basi lile kona hadi kona mpaka tulipotokea juu, na hakuna aliyejua.

Ilula, kwenye ndoo za nyanya zilizopangwa kando ya lami, akashuka. Alifungua kikapu akaniwekea vitunguu sita mapajani.

"Mpelekee mama yako. Mwambie vimetoka kwa mwenzake."

Kabla ya Iringa tunapita Lugalo. Kwa askari jina hilo ni kambi na hospitali ya jeshi Dar es Salaam. Kambi hiyo zamani iliitwa Colito, ndiko maasi ya askari yalikoanzia Januari 1964, na baadaye ikapewa jina la mahali hapa. Hapa, Agosti 17, 1891, Wahehe wa chifu Mkwawa waliusubiri msafara wa Wajerumani uliokuwa ukitembea kwa mstari mrefu, wakauvamia, na kamanda wake, Emil von Zelewski, akafa. Nilifundishwa shuleni kama ushindi, na ni ushindi. Ila safari hii, basi likipita karibu na mnara wa kumbukumbu, nilitazama vichaka na miinuko ile kama mtu aliyekaa ndani ya msafara, nikaelewa jinsi walivyokamatwa. Wahehe waliijua ardhi yao. Kule Beni ADF wanaujua msitu, na sisi tulikuwa wageni. Nilichokuwa nimejitahidi kumfundisha yule kijana aliyenipokea ni hicho tu, asitembee kama mgeni.

Tuliteremka Ipogolo, tukaivuka Ruaha Mdogo, tukaendelea. Mafinga baridi na misonobari, Makambako chai na mahindi ya kuchoma. Nilitoa begi nikatafuta sweta, na humo nikaiona kalenda. Sajenti alinirudishia uwanja wa ndege bila neno, bado imekunjwa mara nne. Misalaba inaishia zilipobaki siku 19. Sikuwa na haja ya kuimalizia.

Jua lilizama tukiwa Chimala, mashamba ya mpunga ya Usangu yamekuwa ya dhahabu. Uyole tukakata kushoto, na kutoka pale mwili ukaanza kuamini. Kiwira, Kyimo, mikungu ya ndizi imerundikwa gizani, Tukuyu na ukungu wake. Nilimkumbuka Mmalawi mmoja wa brigedi yetu. Nilimsikia kwenye tenki la maji akimshukuru mwenzake kwa "ndaga". Nikamuuliza kwa Kinyakyusa anatoka wapi, akanijibu kwa Kingonde kwamba ni wa Karonga. Tukaelewana neno kwa neno. Mto Songwe tu ndio unaotutenganisha, na ilibidi twende Kongo ndipo tukutane. Tangu siku ile, jioni zisizo na doria tulikaa pamoja tukizungumzia mchele na samaki wa Ziwa Nyasa, kila mmoja akisifia ng'ambo yake. Nilipoondoka yeye alikuwa na miezi miwili mbele.

Baada ya Tukuyu barabara inateremka na joto linaingia dirishani polepole. Nilifika Kyela mjini baada ya saa tano usiku, nikachukua bodaboda kuelekea Ipinda. Nyumbani taa ilikuwa inawaka. Sitaeleza vilio vya mama wala namna mwanangu mdogo alivyojificha nyuma ya mama yake asinijue, hayo ni yetu. Vitunguu vya Ilula mama aliviweka juu ya meza, hakutaka vipikwe usiku ule.

Saa nane nikaamka. Hakuna aliyeniamsha, ni saa ya lindo langu. Nikatoka nje, nikaizunguka nyumba kwa kunyata, nikasimama gizani kwenye kona ya jiko nikisikiliza.

"Nani?" Ilikuwa sauti ya baba, na mwanga wa tochi.

"Ni mimi, baba."

Alinimulika miguuni, hakunimulika usoni. Hakuuliza natafuta nini. Akaenda mpaka kwenye sanduku la mbao ubavuni mwa jiko, akafunua majani ya mgomba, na ile harufu ya siki ikapanda mpaka machoni.

"Hizi nilipanga kuzigeuza asubuhi," alisema. "Ila maadamu tumeamka."

Akaitundika tochi kwenye msumari. Nikakunja mkono wa shati, nikauzamisha mkono wa kulia kwenye kakao mpaka juu ya kifundo. Zilikuwa za moto, zinateleza. Tukageuza, yeye upande wake na mimi upande wangu, na katikati ya kazi nikamsimulia habari za yule mama wa barabara ya Mbau, mzigo mgongoni, utomvu unachuruzika.

Baba akasimamisha mikono.

"Aliziuza mbichi?"

"Mbichi, baba. Siku ileile."

Akatikisa kichwa kwa muda mrefu, kisha akazamisha mikono tena.