Siku yangu na mafuta yanayokimbia moto

Saa 11 alfajiri. Nimeswali, na kabla ya chai nafunua kompyuta. Hesabu imekesha na umeme haukukatika, alhamdulillahi. Kwa shahada ya pili nafuatilia mafuta ya silikoni yanavyotembea yakipata joto pasipo na uzito. Hapa Kikwajuni chombo cha angani sina. Nina kompyuta na feni.

Saa 1 na nusu. Matokeo hayanipendezi. Ndani ya kompyuta, nguzo ya mafuta imesimama baina ya visahani viwili, cha juu moto, cha chini baridi. Mkondo ulitakiwa uteremke ubavuni mpaka chini, urudi juu kwa kati. Wangu umejikunyata juu kwenye moto.

Saa 3 nimo kwenye gari la Tunguu, nimebanwa na ndoo ya dagaa. Kichwa kiko kwenye nguzo.

Saa 5. Nimeliona! Kwenye hesabu mvutano wa dunia umebaki 9.81, kama wa hapa ardhini, nilisahau kuuweka sifuri. Mafuta ya moto ni mepesi, yakishakaa juu hayataki kushuka. Uondoe uzito: hakuna tena cha kupanda kwa wepesi, na bado mafuta hayatulii. Penye joto ngozi ya mafuta, yaani uso wake wa nje, inalegea, penye baridi inakaza na kuivuta. Wajapani walianza kulipima hili mwaka 2008 ndani ya Kibo, maabara yao kwenye kituo cha anga cha kimataifa, kwa nguzo za kipenyo cha hadi sentimita kadhaa. Hapa duniani nguzo nene hivyo ingemwagika. Tofauti ya joto ikipita kiwango fulani, mkondo huanza kuyumba, na kuyumba kwa aina hiyo huacha michirizi ndani ya fuwele za vifaa vya elektroniki zinapogandishwa kutoka malighafi iliyoyeyushwa. Ndiyo maana watu wanakesha nao.

Saa 10 alasiri, Forodhani. Mtoto wa jirani, kidato cha tatu, ananiuliza: "Dada, kwani kule juu mvutano umekwisha?" Haujaisha, kwenye kilomita 400 upo kama asilimia 90. Nikamwonesha vijana wa makachu wanaojirusha baharini kutoka ukutani. Wakiwa hewani, kama sekunde moja, hawana uzito. Kituo cha anga nacho kimo kwenye makachu, ila kinakwenda mbio mno, kila kikianguka dunia inakikwepa. Akacheka, akaenda kununua muhogo.

Saa 2 usiku. Mama anakaanga chapati. Nikamwomba chuma chenye mafuta kiduchu, nikanyunyiza pilipili manga katikati. Chembe zikakimbilia pembeni. Kwa mafuta membamba hivyo, kinachovuta zaidi ni ile ngozi.

"Mafuta yanakimbia moto, mwanangu. Hilo nalo la kusomea miaka miwili?"

Sikuwa na jibu. Chapati ile ilikuwa na pilipili manga, nikaila mimi.

Saa 4. Nimeandika sifuri, nimeitazama mara tatu, nimeiacha kompyuta ikeshe.