Nilivyookoa mbegu ya muhogo wa mama, Ukerewe

Kwetu Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, chakula ni ugali wa muhogo. Mama akisema "chakula kiko tayari" bila kuongeza neno, ujue ni ugali wa udaga, yaani muhogo uliovundikwa na kukaushwa, ule unaovutika, na sato wa kuchemsha. Mimi naishi Mwanza mjini, Kirumba, na miaka yote mama alikuwa ananitumia kiroba kwa meli ya Nansio. Mwaka 2021 viroba vikakoma.

"Mihogo imeoza ardhini, mwanangu," aliniambia kwenye simu.

Nikavuka ziwa. Shamba ukilitazama kwa mbali lilikuwa linapendeza. Nikang'oa shina, nikakata muhogo kwa kisu: ndani mabaka ya kahawia, makavu, magumu kama kizibo. La pili hivyo hivyo. Ulikuwa ugonjwa wa michirizi kahawia. Batobato, ule ugonjwa mwingine wa muhogo, utauona mapema, jani linajikunja. Michirizi kahawia inaweza kukuficha mpaka siku ya kuvuna, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Bwana shamba alitushauri tupande mbegu zinazostahimili, zilizotoka kwa watafiti wa kituo cha kilimo cha Ukiriguru. Ushauri mzuri, na ningemshauri mtu yeyote aufuate. Lakini mama hakutaka kuachana na mbegu yake. Ni muhogo mchungu, una sumu, mwizi hautafuni shambani. Uchungu huo ndio unaotufanya tumenye, turundike na kufunika kwa majani siku kadhaa mpaka uote ukungu, tukwangue, kisha tuanike juu ya mawe hadi ukauke kabisa. Harufu ya udaga juani, kwangu mimi, ndiyo Ukerewe yenyewe. Nikakubali kujaribu.

Kosa letu lilikuwa kwenye vipando. Msimu uliotangulia tulichukua fimbo za bure kwa jirani, tukapanda bila kukagua. Safari hii nilipita shina kwa shina kabla majani ya chini hayajapukutika, maana hapo ndipo dalili hujionyesha: umanjano kando ya mishipa ya jani, na michirizi kwenye shina. Yaliyopita mtihani huo niliyafunga kitambaa. Wakati wa kuvuna tukakata kila muhogo wa mashina hayo, vipande vipande. Ukionekana na doa hata muhogo mmoja, shina zima tunalitupa motoni. Shamba zima lilitupatia mashina 31.

Tukakata pingili kama 300, kila moja na macho matano au zaidi, tukazipanda mwanzoni mwa mvua za vuli kwenye kipande kilicho mbali na shamba la zamani, kwa sababu inzi weupe nao hubeba ugonjwa. Shina lenye mihogo safi bado laweza kuwa na virusi, kwa hiyo mama alikikagua kipande hicho kila wiki. Aling'oa miche 22. Kung'oa mche uliokwisha kuchipua kunauma, lakini hakubakiza hata mmoja.

Vuli iliyofuata tulitosheleza robo eka, nafasi ya mita moja kwa moja. Mwishoni mwa 2023 kiroba kilishuka tena bandarini Mwanza. Mihogo michache bado inatoka na madoa, na kila msimu tunarudia kazi ile ile ya kuchagua.

Jirani yetu naye amekuja kuomba mbegu. Mama hakumpa siku hiyo. Alimwambia arudi siku ya kuvuna, waikate mihogo pamoja kwanza.