Mkishamuona mtoto, muangalieni na mama

Wadada ambao saa hizi mko mwezi wa nane wa tisa huko, begi la hospitali limeshapangwa, kanga zimeshafuliwa na kupigwa pasi, hii naiandika kwa ajili yenu. Habari za uchungu mmeshaambiwa mpaka mmechoka, kila anayekuona na tumbo ana lake la kusimulia, lakini mtoto akishatoka tu stori inaishia hapo, "kajifungua salama, njia ya kawaida, hongera", watu wanaulizia kilo za mtoto na kafanana na nani. Mama mwenyewe anaendeleaje hamna anayeuliza. Mimi nimejifungua hapa hapa Dar kipindi cha joto kali, mtoto wa kwanza, na nilichojifunza ni kwamba ukishazaa wewe una kidonda. Pale kondo la nyuma lilipokuwa limejishika ndani panabaki jeraha, huku chini pengine umechanika au umeongezewa njia, kwahiyo unastahili kuuguzwa mpaka upone kama mgonjwa mwingine yeyote.

Kitu cha kwanza kilichonishtua ni kutetemeka. Kondo limetoka, mtoto yuko kifuani, mara meno yanagongana mwili mzima unatikisika na joto lote lile, nikajua ni malaria. Nesi akaniambia inatokea sana, akanifunika vitenge viwili ikapita yenyewe. Alafu akawa anakuja kila baada ya muda kunibonyeza tumbo chini ya kitovu, na inauma jamani, ila muache afanye. Anaangalia kama kizazi kimekaza. Kizazi kikilegea damu inatoka bila breki, na kutoka damu nyingi baada ya kujifungua ni moja ya sababu kubwa zinazoua wazazi Tanzania. Ndo maana Shirika la Afya Duniani linasema hata kama umezaa vizuri kabisa ukae hospitali angalau saa 24, najua wodi zimejaa na wewe unataka kwako, lakini kama umepewa nafasi ya kukaa kaa.

Safari ya kurudi nyumbani ndo niliujua mwili wangu umefanywa nini. Nilichanika msamba nikashonwa, tukapanda bajaji mpaka Tabata, nimekalia paja la kushoto peke yake, mikono miwili nimeshika chuma cha siti ya dereva, kila tukifika kwenye tuta najinyanyua. Mama kambeba mtoto huku anamwambia dereva, "Baba taratibu, nina mzazi hapa." Na yule kaka Mungu ambariki, alikuwa anasimama kabisa kabla ya tuta alafu anapanda polepole upande mmoja mmoja. Kama una uwezo wa kuchukua taksi siku hiyo chukua, na beba mto wa kukalia.

Nyumbani mtihani ni choo. Mkojo ukigusa kwenye nyuzi unachoma mpaka machozi, dawa yake ni kopo la maji ya uvuguvugu, unaanza kumimina maji kwanza ndo unaachia mkojo, unaendelea kumimina mpaka umalize, alafu unajikausha kwa kugusagusa, usifute. Sisi choo chetu ni cha kuchuchumaa na kuchuchumaa na nyuzi haiwezekani, mume wangu akatafuta kiti cha plastiki akakikata tundu katikati, nikawa nakaa pale kama malkia. Choo kikubwa nacho kinatisha, unahisi ukisukuma kila kitu kitaachia. Hakiachii. Ila usikibane, maana kikikaa ndani kinazidi kuwa kigumu na bawasiri inakuja juu yake, kunywa maji mengi, papai, juisi ya ukwaju, mboga za majani, na ukiwa unasukuma shikilia pedi safi hapo kwenye mshono kwa mkono, inasaidia sana. Nyuzi zenyewe mara nyingi ni zile zinazoyeyuka ndani ya wiki chache, hutolewi, usishtuke ukikuta kipande cha uzi kwenye pedi.

Mchana nilikuwa nakaa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo kama nesi alivyonielekeza, alafu nalala nimejiachia feni inapuliza pakauke. Kwa joto la Dar pedi ukiivaa muda mrefu unaungua mapajani, badilisha mara kwa mara hata kama haijajaa.

Damu sasa. Siku tatu nne za mwanzo ni nyekundu na nyingi, kuliko hedhi yoyote uliyowahi kuona, baadae inakuwa ya kahawia au pinki, mwisho majimaji ya njano au meupe, na yote hayo yanaweza kwenda mpaka wiki ya sita. Ukiwa umelala muda mrefu ukisimama inamwagika ghafla, hiyo ni ile iliyokuwa imekaa tu. Ukifanya kazi nyingi nyekundu inarudi, chukulia kwamba mwili umekwambia kaa chini. Na tumbo litakukata ukinyonyesha, ndo chango lenyewe, mtoto akivuta ziwa kizazi kinajikaza, kinatoka kwenye uzito wa karibu kilo moja mpaka chini ya gramu 100 ndani ya wiki kama sita hivi. Kwa mtoto wa kwanza linavumilika, dada yangu mwenye watatu anasema la mwisho lilikuwa linamlaza chini. Panadol unaruhusiwa, hamna zawadi ya kuvumilia maumivu.

Lakini pedi ikilowa chapachapa ndani ya saa moja, au ukatoka mabonge makubwa kama yai, au uchafu ukaanza kunuka vibaya, au homa na baridi, au kichwa kinauma sana na unaona nyota nyota mbele ya macho (kifafa cha mimba kinaweza kuja hata baada ya kuzaa jamani), au mguu mmoja tu umevimba na unauma, au unashindwa kupumua vizuri, hapo usimsubiri mume atoke kazini, usiulize kwenye grupu la WhatsApp, nenda hospitali hata iwe saa nane usiku.

Siku ya pili akaja bibi mkandaji, mama mkwe ndo alimuita, na mnajua huku Pwani mzazi kukandwa ni lazima. Bibi ana sufuria la maji yanatoa moshi, majani ya mwarobaini yanaelea humo, taulo begani. Nikamwamkia, akaitikia akaanza, "Mwanangu usipokandwa damu chafu itabaki ndani, utabaki na tumbo." Nikamwambia bibi, mgongo, mabega na miguu nikande nitakushukuru, ila tumboni usinikandamize na huku chini sitaki maji ya moto kwa sababu nina nyuzi. Akamtazama mama mkwe. Mama mkwe akanyamaza kidogo alafu akasema, "Basi mkande mgongo, huko atajiosha mwenyewe." Nilimpenda sana siku ile mama wa watu.

Na kukandwa mgongo ni raha ambayo siwezi kuielezea, mikono ya yule bibi ilitoa uchovu wa miezi tisa, nililala kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri. Kwahiyo mimi siko kwenye kundi la wanaosema mila zote zitupwe. Siku arobaini za kukaa ndani, mtu anakupikia, anakufulia, anakupokea mtoto ulale, ni kitu kizuri mno na nawaonea huruma wanaokikosa. Ninachokataa ni yale maji ya kuunguza, maana sehemu imevimba na ina ganzi husikii vizuri ukali wa moto, unakuja kujua ngozi imeshababuka. Damu inatoka yenyewe kizazi kikijikaza, na mtoto anayenyonya anafanya hiyo kazi vizuri kuliko taulo. Kufunga tumbo na kanga nako, funga kwa kiasi upate kuegemeza mgongo, ukikaza mpaka unapumulia juu juu unasukuma kila kitu kwenda chini ambako ndo kuna kidonda. Tumbo litabaki kama la miezi mitano kwa muda, ni kizazi na misuli iliyotanuka, litarudi taratibu.

Chakula sikubishana na mtu. Mtori, supu ya kuku wa kienyeji, supu ya pweza, uji wa pilipili manga, vyote nilikunywa, umepoteza damu na unanyonyesha, mwili unataka maji na nguvu. Na vile vidonge vya kuongeza damu ulivyopewa kliniki usivitupe eti kwa sababu umeshazaa, endelea navyo kama ulivyoelekezwa.

Siku ya tatu hivi maziwa yanashuka, matiti yanakuwa magumu, joto linapanda kidogo, usiku unaloa jasho mpaka unabadilisha shuka kwa sababu mwili unatoa maji yote uliyoyatunza kwenye mimba. Na siku hizo hizo kilio kinakuja. Mimi nililia kwa sababu mtoto alipiga chafya. Mtu akikwambia huna shukrani usimsikilize, homoni zinashuka ghafla na usingizi huna, kwa wengi inaisha ndani ya wiki mbili. Ikivuka hapo, ukawa huoni raha ya kitu chochote, huwezi kulala hata mtoto akilala, au yakaja mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, hiyo ni sonona, ni ugonjwa na unatibika, waambie watu wako wakupeleke mapema, siku hiyo hiyo kama mawazo ni ya kudhuru.

Kuna hili ambalo wadada wananong'ona tu: kucheka au kukohoa mkojo ukaponyoka. Misuli ya nyonga imetanuka, inafanyiwa mazoezi, unaikaza kama mtu anayezuia mkojo na hewa kwa pamoja, unahesabu mpaka tano, unaachia, mara kumi, mara tatu kwa siku, unaweza kufanya hata ukiwa unanyonyesha. Ila kama mkojo unavuja muda wote, umelala umekaa unavuja tu, au kinyesi kinapita ukeni, hiyo inaweza kuwa fistula, na mara nyingi inawapata waliokaa kwenye uchungu muda mrefu sana. Usijifiche ndani na usikubali mtu akwambie umerogwa. Hospitali ya CCBRT pale Msasani wanatibu, wametibu wanawake wengi wametoka wakavu.

Kuhusu kurudi kwa mume, subiri damu ikate, kidonda kipone na wewe mwenyewe utake. Ukinyonyesha uke unakuwa mkavu, ni homoni, tumieni vilainishi na msiwe na haraka. Na tafadhali wadada, shabu ya kubana uke msiweke. Najua inauzwa, najua mashoga wanashauriana "ujirudishe", inakausha na kuchubua sehemu ambayo ndo kwanza inapona. Uke wenyewe unajirudi. Alafu mimba inaweza kuingia kabla hata hujaona hedhi, kwahiyo habari za uzazi wa mpango uliza mapema.

Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inampa mama mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, 100 kama ni mapacha, baba anapewa 3. Siku tatu. Mke wake bado hawezi hata kukaa vizuri. Na mama anayeuza vitumbua au mwenye genge hana hata hiyo moja, kwahiyo kama jirani yako kazaa na unamuona barazani anapuliza mkaa, mpelekee chakula, mchukulie ndoo ya maji.

Wiki ya sita utaenda kliniki kwa ajili ya chanjo. Mtoto atapimwa uzito, atachomwa sindano, foleni inasogea, wewe hujaguswa. Usiondoke. Mwambie nesi, "Dada, naomba na mimi uniangalie," umwambie na kinachouma bila aibu. Mimi nilisema hivyo, akanipeleka nyuma ya pazia, akapima presha, akaangalia mshono, akakuta kuna kinyama kimeota pale nyuzi zilipoishia, ndo maana bado nilikuwa nachomwa nikikaa wakati kila mtu nyumbani ananiambia vumilia. Akaniandikia kwa dokta, dokta akapaka dawa, ilichukua dakika chache tu, na haikupita muda mrefu nikawa nakaa kwenye daladala kutoka Tabata mpaka Posta na wala siwazi mshono.